Unauza nyumba ya Dar ukiwa Muscat? Anza na makaratasi
Soko likipoa, wengi wetu hukimbilia kushusha bei. Tunashauri usubiri kidogo. Mara nyingi mnunuzi mwenye pesa mkononi anakimbia makaratasi: hati bado ina jina la marehemu baba, kodi ya pango la ardhi inadaiwa, mwenza hajaridhia kwa maandishi (na nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa yake). Hayo yaishe kabla hujamwita dalali. Bei, ulizia walikouza majirani, si wanakotangaza.

Ndugu utakayempa uwakili, mamlaka yake yawe ya kuonyesha nyumba na kusaini tu. Pesa iingie akaunti yako, hata kama ni kaka wa tumbo moja. Mnunuzi akitaka kufanya upekuzi ofisi ya ardhi, nakala inamtosha. Hati halisi isitoke kabla benki haijathibitisha malipo.