Marejesho ya Mkopo Yanapokulemea: Mahali pa Kupata Msaada Bila Malipo

Na Mwandishi Wetu

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Usemi huo ni wa kweli na makala haya hayaupingi. Hata hivyo, wapo wananchi ambao nia ya kulipa wanayo, ila fedha za kulipia hawana. Biashara imeyumba, mazao yamekosa mvua, au aliyekuwa akiingiza kipato ndani ya nyumba ameugua. Mtu aliyefikia hatua hiyo huwa na njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kunyamaza na kutafuta mkopo mwingine wa kulipia ule wa awali. Ya pili ni kutafuta ushauri mapema kwa watu wenye ujuzi, ambao hawamdai wala hawana mkopo wa kumuuzia.

Njia ya kwanza ndiyo inayofuatwa mara nyingi, kwa sababu ya aibu. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na deni nalo huumbua vivyo hivyo. Makala haya yanaeleza njia ya pili: nani hutoa msaada, unajiandaaje kabla ya kwenda, na nini unachoweza kutarajia.

Dalili kwamba mkopo umezidi uwezo

Mkopo hauwi tatizo siku dalali anapobisha hodi. Huwa tatizo mapema zaidi, na mkopaji mwenyewe ndiye wa kwanza kulijua. Unapokopa kwa mtu mmoja ili umrejeshee mwingine, unapochukua fedha za mtaji kufanyia marejesho, unapochelewesha kodi ya nyumba au ada ya mtoto ili mkopeshaji asipige simu, au unapomficha mwenza wako kiasi unachodaiwa, mkopo huo umekwisha kukuzidi. Siku unapotambua kwamba rejesho lijalo hulimudu ndiyo siku ya kutafuta msaada, na si baada ya kukosa marejesho matatu.

Sababu ya kuharakisha ni hesabu. Chukua mfano wa mama lishe aliyekopa shilingi 500,000 kwa miezi sita, riba ikikokotolewa kila mwezi juu ya mkopo wote. Kwa watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili, yaani kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho, riba yake ni shilingi 17,500 kwa mwezi, sawa na 105,000 kwa miezi sita. Akikopa kwa mtu anayetoza asilimia 30 kwa mwezi, riba ni shilingi 150,000 kila mwezi. Kwa miezi sita atakuwa amelipa shilingi 900,000 za riba pekee, na zile 500,000 bado anadaiwa. Ndiyo maana wananchi wenyewe wameipa mikopo ya aina hiyo jina la kausha damu. Anayekimbilia huko ili kulipa mkopo nafuu anabadilisha deni dogo kwa kubwa.

Nani hutoa msaada

Katika baadhi ya nchi, ikiwemo Uingereza, yapo mashirika ya hisani ambayo kazi yake mahususi ni kuwashauri watu waliolemewa na madeni. Hapa Tanzania, sehemu kubwa ya kazi hiyo inaweza kufanywa na mashirika yanayotoa msaada wa kisheria. Kwa upande wa Tanzania Bara, huduma hiyo inasimamiwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo pia iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, yaani watu waliopata mafunzo ya kuwasaidia wananchi katika maeneo yao ingawa si mawakili. Huduma hiyo hutolewa bila malipo kwa mtu asiye na uwezo wa kumlipa wakili.

Miongoni mwa mashirika yanayofahamika ni Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC), Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA) na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake (WLAC). Kwa upande wa Zanzibar kipo Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar. Mwananchi aliye mbali na ofisi hizo anaweza kuanzia kwa mtendaji wa kijiji au wa kata, au katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yake, na kuomba kuelekezwa kwa msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa. Aidha, Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imekuwa ikiwafikisha wataalamu wa sheria katika kata na vijiji. Inapofika katika eneo lako, masuala ya mikopo na dhamana nayo yapeleke huko.

Jiandae kabla ya kwenda

Mshauri hawezi kusaidia kwa kusikia nusu ya habari. Andika kwenye karatasi moja madeni yako yote bila kuacha hata lile la dukani: jina la anayekudai, kiasi ulichokopa, ulichokwisha kulipa, kilichobaki, tarehe ya rejesho na dhamana uliyoweka. Chini yake andika kipato chako cha mwezi na matumizi ya lazima ya kaya.

Beba mkataba wa mkopo, stakabadhi, taarifa ya benki, ujumbe wa miamala ya simu, barua za madai na kitambulisho chako. Ujumbe wa vitisho usiufute, kwa kuwa ni ushahidi. Kama umepokea wito wa mahakama, nenda siku hiyohiyo. Mdaiwa asiyejibu wito huweza kutolewa hukumu ya upande mmoja bila kusikilizwa, hata kama kiasi anachodaiwa si sahihi.

Endapo wewe au mwenzako mmedhaminiana kwenye kikundi, uwaeleze wanakikundi mapema. Wao ndio watakaobeba mzigo wako, na wana haki ya kujua kabla ya siku ya marejesho.

Mshauri atakusaidiaje

Jambo la kwanza ni kuusoma mkataba. Mshauri ataangalia kama mkopeshaji ana leseni, kama riba na adhabu zinazodaiwa zimo ndani ya mkataba na ndani ya ukomo uliowekwa, na kama malipo yote uliyofanya yamehesabiwa. Hutokea deni likapungua kwa hatua hiyo peke yake.

Jambo la pili ni kupanga marejesho yanayowezekana. Turudi kwa mama lishe wetu. Tuseme baada ya gharama za biashara anabaki na shilingi 360,000 kwa mwezi, na kodi ya nyumba, chakula, nauli na mahitaji ya shule vinachukua 270,000. Kilichobaki ni 90,000. Lakini marejesho yake ni 60,000 kwa kikundi, 120,000 kwa taasisi ya mikopo na 45,000 kwa mkopeshaji wa mtandaoni, jumla 225,000. Anapungukiwa na shilingi 135,000 kila mwezi. Hakuna bidii ya kazi itakayoziba pengo hilo kwa mwezi mmoja.

Mshauri anaweza kumsaidia kuandika barua kwa wote watatu, akiambatisha hesabu hiyo na kupendekeza kwamba zile 90,000 zigawanywe kwa uwiano wa madeni: 24,000 kwa kikundi, 48,000 kwa taasisi na 18,000 kwa mkopeshaji wa mtandaoni. Barua hiyo iombe pia adhabu za ucheleweshaji zisimamishwe, maana kuongeza muda bila kugusa riba kunaweza kulikuza deni. Mkopeshaji halazimiki kukubali. Hata hivyo, pendekezo lenye hesabu zilizo wazi huwa na uzito kuliko ahadi ya mdomo kwamba nitalipa wiki ijayo, na mkopeshaji makini hupendelea kidogo cha uhakika kuliko gharama za kesi. Makubaliano yoyote yatakayofikiwa yawe ya maandishi.

Si madeni yote yana uzito mmoja. Deni linaloweza kuiondoa familia ndani ya nyumba hupangwa mbele ya lile lisilo na dhamana, hata kama mwenye deni dogo ndiye anayepiga simu nyingi zaidi.

Haki za mdaiwa

Kudaiwa hakumwondolei mtu haki zake. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi, aliyeweka rehani nyumba au kiwanja anapaswa kupewa notisi ya siku 60 akielezwa kosa lake na kiasi anachodaiwa, kabla mkopeshaji hajatumia haki ya kuuza. Vilevile, nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Siku hizo 60 ni muda wa kutafuta ushauri na kuzungumza na mkopeshaji. Anayeuficha waraka wa notisi chini ya godoro anaupoteza muda huo.

Mtu anayekuja kukamata vyombo vya ndani anapaswa kuonyesha mamlaka aliyonayo, iwe amri ya mahakama au mkataba unaoitaja mali hiyo kuwa dhamana. Kwa watumishi wa umma, makato ya mikopo hayapaswi kumwacha mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Kumkabidhi mkopeshaji kadi ya benki na namba ya siri ni jambo la hatari, kwa kuwa aliye navyo anaweza kutoa fedha zaidi ya anazodai.

Kuhusu mikopo ya mtandaoni, wapo wakopeshaji wanaochukua majina yaliyomo kwenye simu ya mkopaji na kuwatumia ndugu na marafiki ujumbe wa kumdhalilisha. Matumizi ya taarifa za watu yanasimamiwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na anayedhalilishwa kwa namna hiyo anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mwezi Novemba 2024, Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu tumizi 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ni vyema kuhakiki leseni ya mkopeshaji kabla ya kupakua programu yake. Ikiwa tayari umekopa kwa asiye na leseni, usichukulie kwamba deni limejifuta. Kiasi unachopaswa kulipa ni suala la kisheria, na hapo ndipo ushauri unapohitajika.

Malalamiko yapelekwe wapi

Mwenye malalamiko dhidi ya benki au mkopeshaji mwenye leseni huanza kwa kuyawasilisha kwa mtoa huduma huyo, ikiwezekana kwa maandishi, na kubaki na nakala. Asiporidhika na majibu, anaweza kuyafikisha Benki Kuu, ambayo ina dawati la kushughulikia malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha. Masuala ya SACCOS husimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na yale ya vikundi vya kijamii kama VICOBA hufikishwa halmashauri. Vitisho vya kumdhuru mtu ni jinai na vipelekwe polisi.

Mambo ya kujihadhari nayo

Ni muhimu kufahamu mipaka ya msaada huu. Shirika la msaada wa kisheria halikulipii deni, halikukopeshi na halitakuficha dhidi ya mtu uliyemkopa kihalali. Msaidizi wa kisheria hawezi kusimama mahakamani kama wakili, bali atakuelekeza kwa wakili inapobidi. Mtu yeyote anayekutaka utume ada kwa simu ili akufutie deni au asafishe taarifa zako za mikopo, ujue ni tapeli.

Tahadhari nyingine inahusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ni ya miradi ya vikundi. Kuichukua ili kulipa deni la zamani ni kuwatwisha wanakikundi wenzako mzigo usio wao.

Kukopa harusi, kulipa matanga, ndivyo wanavyosema wazee. Lakini matanga yenyewe hupungua uzito watu wanapojua na kuja kusaidia. Mwananchi ambaye rejesho lake lijalo halionekani linakotoka anashauriwa asisubiri siku ya marejesho. Aandike madeni yake leo, amweleze mwenza wake, kisha aende kwa msaidizi wa kisheria aliye karibu naye angali ana nyumba, mtaji na muda wa kuzungumza.