Jumla huficha mengi: Umuhimu wa kusoma hesabu za kila kitengo cha kampuni

MWANANCHI anayenunua sabuni ya unga ya Omo, mafuta ya kujipaka ya Vaseline na viungo vya mchuzi vya Royco huenda asijue kuwa bidhaa hizo zote ni za kampuni moja, Unilever, yenye makao makuu jijini London. Hata hivyo, katika vitabu vya kampuni hiyo, mapato yake hayawekwi katika chungu kimoja.

Omo huhesabiwa katika kitengo cha usafi wa nyumbani, Vaseline katika kile cha urembo na siha, na Royco katika kitengo cha vyakula. Mgawanyo huu ndio msingi wa ripoti ya vitengo vya biashara, sehemu ambayo mwenyehisa hapaswi kuiruka.

Mwaka wa 2023, Unilever iliuza bidhaa za thamani ya yuro bilioni 59.6. Katika kila yuro 100 za mauzo, ilipata faida ya yuro 16.70 kabla ya riba, kodi na gharama zisizo za kawaida. Aliyesoma tarakimu hizo pekee angedhani biashara zake zote zilikwenda kwa mwendo mmoja.

Hesabu za vitengo zilisimulia mengine. Kitengo cha usafi wa mwili, chenye sabuni za kuogea na dawa za meno, kilipata yuro 20.20 kwa kila 100. Urembo na siha kilipata yuro 18.70, vyakula 18.60 na usafi wa nyumbani 12.30. Aiskrimu ilivuta mkia kwa yuro 10.80.

Hadi katikati ya mwaka wa 2022, udhaifu huo haukuwa rahisi kuonekana. Kampuni ilikuwa na vitengo vitatu tu, na aiskrimu ilikuwa imeunganishwa na vyakula pamoja na vinywaji. Julai mwaka huo vitengo vikawa vitano, na aiskrimu ikaanza kuripotiwa peke yake.

Mnamo Machi 2024, Unilever ilitangaza kuwa ingeitenga biashara hiyo, ikieleza kuwa aiskrimu huhitaji usafirishaji wa baridi kali na mauzo yake hubadilika kwa misimu. Siku iyo hiyo ilitangaza mpango wa kupunguza gharama ulioathiri takriban nafasi 7,500 za kazi. Desemba 2025, The Magnum Ice Cream Company ilianza kuuza hisa zake kama kampuni inayojitegemea.

Ripoti za aina hii huongozwa na kanuni ya kimataifa ya uhasibu iitwayo IFRS 8, iliyoanza kutumika mwaka wa 2009. Inazihusu kampuni ambazo hisa au hati zake za mkopo huuzwa kwa umma, zikiwemo zile za Kenya, ambayo ilianza kufuata kanuni za kimataifa mwaka wa 1999.

Kanuni hiyo huitaka kampuni ionyeshe vitengo vyake jinsi wakuu wake wanavyovitazama wanapoamua mahali pa kuwekeza. Kitengo chenye asilimia 10 au zaidi ya mapato, faida au mali hakina budi kuripotiwa. Aidha, vitengo vinavyoripotiwa sharti vifikishe angalau asilimia 75 ya mauzo kwa wateja wa nje.

Lakini kwa kuwa mipaka huchorwa na wakuu wenyewe, biashara inayoyumba yaweza kujificha nyuma ya ile inayostawi. Ndiyo maana kampuni inapobadilisha vitengo, hutakiwa kurekebisha pia takwimu za miaka iliyotangulia, isipokuwa pale ambapo taarifa hizo hazipatikani na gharama ya kuzitayarisha ni kubwa kupita kiasi.

Basi msomaji wa ripoti ya mwaka ajiulize maswali matatu. Je, ni kitengo kipi huleta faida, wala si mauzo tu? Je, mipaka imebadilishwa tangu mwaka uliopita, na kwa nini? Na gharama za makao makuu zimetwikwa nani?

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mwenyehisa, daftari lisilofunguliwa kurasa zake zote halina tofauti kubwa na daftari lisilokuwepo.