Johannesburg Oktoba 2030: Panga Kurudi Kwanza

Tarehe 13 Oktoba 1990, watu wapatao 800 waliondoka Braamfontein na kuandamana katika mitaa ya Johannesburg. Walikuwa wapenzi wa jinsia moja na marafiki zao, weusi kwa weupe, katika nchi ambayo bado ilikuwa chini ya utawala wa makaburu. Baadhi walijifunika vichwa kwa mifuko ya karatasi iliyotobolewa macho, wasije wakatambuliwa na waajiri au ndugu. Waliowaongoza ni Simon Nkoli na Beverley Ditsie wa chama cha GLOW. Nkoli alikuwa ameonekana hana hatia ya uhaini katika kesi ya Delmas, kesi ambayo ingeweza kumfikisha kitanzini. Hayo yanahesabiwa kuwa maandamano ya kwanza ya Pride barani Afrika, na Oktoba 2030 yatatimiza miaka 40.

Makala haya ni ya msomaji wa Migori au Homa Bay anayetaka kuwapo siku hiyo. Ushauri wangu mkuu ni mmoja: safari hii ipangwe kuanzia mwisho wake. Ukiwa Johannesburg, Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 inakulinda kwa kutaja waziwazi mwelekeo wa kimapenzi miongoni mwa mambo ambayo mtu hawezi kubaguliwa kwayo. Utakaporudi nyumbani ulinzi huo haukufuati. Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei ya tikiti, jiulize utarudi kwa nani, nani atajua ulikokuwa, na atajua kiasi gani.

Tuanze na sheria, kwa sababu hapo ndipo uvumi ulipo mwingi. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinatoa kifungo cha hadi miaka 14, na cha 165 hadi miaka mitano. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Lakini vifungu hivyo vinaadhibu tendo la kimwili. Havimkatazi Mkenya kwenda kuandamana katika nchi nyingine. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua pia kwamba wapenzi wa jinsia moja wana haki ya kusajili shirika lao. Mwaka huohuo, Peter Kaluma, mbunge wa Homa Bay Mjini, aliandaa Muswada wa Ulinzi wa Familia, uliokusudia kuongeza adhabu na kuzuia hata mikutano. Muswada si sheria, ila mtu anayepanga safari ya miaka kadhaa mbele anapaswa kufuatilia Bunge. Mwezi mmoja kabla ya kuondoka, muulize wakili hali ikoje.

Njia nayo ina uzito wake. Mtu wa Migori yuko karibu sana na mpaka wa Isebania, na inashawishi kuvuka hadi Sirari, kushika mabasi ya Tanzania na kushuka kusini kupitia Zambia na Zimbabwe. Nauli inaweza kuwa nafuu, lakini sikushauri. Nchi zote tatu zinaadhibu mapenzi ya jinsia moja, na adhabu ya Tanzania inafika kifungo cha maisha. Kila mpaka ni mahali pengine ambapo begi lako linaweza kufunguliwa. Tikiti ya kupitia Entebbe pia inaweza kuonekana rahisi, lakini sheria ya Uganda ya 2023 inatoa hadi miaka 20 kwa anayepatikana na hatia ya “kukuza” mapenzi ya jinsia moja. Bendera ndani ya begi isiwe sababu ya kuanza mjadala na afisa wa forodha. Panda ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Ni kama saa nne tu angani. Bendera utainunua hukohuko.

Ukitoka Migori kwa basi la usiku kupitia Kisii na Narok, fika Nairobi siku moja kabla ya ndege. Tikiti ya ndege ni ghali mno kuiweka rehani kwa pancha ya Narok.

Kuhusu hati, Mkenya hahitaji viza ya Afrika Kusini tangu 1 Januari 2023, mradi asizidishe siku 90 kwa mwaka. Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, kisha unakwenda kuchukuliwa alama za vidole. Anza mapema, kwa maana foleni za pasipoti nchini hazitabiriki. Chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya, na ichomwe angalau siku kumi kabla ya kuingia. Ukiichoma asubuhi ya safari haikusaidii, ila ukishaichoma cheti chake ni cha maisha. Ikiwa unameza dawa kila siku, ziwe za presha, kisukari au ARV, beba za kutosha pamoja na akiba, zikiwa katika chupa zake na barua ya daktari, kwenye begi la mkononi.

Simu ndiyo inayowafichua watu wengi kuliko polisi. Picha moja kwenye hali ya WhatsApp inafika Rongo kabla hujamaliza kuandamana. Zima upakiaji wa moja kwa moja, weka nywila, na usiweke hadharani uso wa Mkenya mwenzako bila idhini yake, hata kama wewe huna la kuficha.

Na ukifika, usidhani sheria nzuri inatosha. Eudy Simelane, msagaji na mchezaji wa zamani wa timu ya taifa ya soka ya wanawake, aliuawa KwaThema mwaka 2008, chini ya miaka miwili baada ya Afrika Kusini kuruhusu ndoa za jinsia moja. Mwaka 2012 wanawake wa kampeni ya One in Nine walilala barabarani mbele ya maandamano ya Johannesburg, wakidai dakika moja ya ukimya kwa wasagaji na watu waliobadili jinsia waliouawa. Wakatukanwa na kusukumwa na waandamanaji wenzao. Naamini wanawake wale walikuwa sahihi, na kwamba anayekwenda kusherehekea miaka 40 lazima awajue.

Katika miaka ya karibuni maandamano hufanyika Jumamosi ya mwisho ya Oktoba. Ukipata siku ya ziada, itumie Constitution Hill, palipokuwa gereza walilofungiwa Gandhi na Mandela. Matofali ya sehemu ya mahabusu iliyobomolewa yalitumika kujengea Mahakama ya Katiba, na mahakama hiyo ndiyo iliyoamua tarehe 1 Desemba 2005 kwamba kuwanyima wapenzi wa jinsia moja haki ya ndoa ni kinyume cha Katiba. Milango yake iko wazi kwa umma. Ingia, keti, utazame.