Kipimo cha Dawa ya Tezi ya Shingo

Shingoni mwa kila mtu, chini ya kikoromeo, mna tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Tezi hiyo hutia damuni kitu kiuamurucho mwili uende mbio au polepole. Ikilegea, mtu huchoka bila kazi, huona baridi hali wenziwe waona joto, choo humfunga, na ngozi humkauka. Jamaa zake husema ni uvivu; sivyo.

Zamani dawa yake ilitoka kwa kondoo. Mwaka 1891, katika mji wa Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alimdunga mwanamke mmoja maji ya tezi za kondoo, naye akapata nafuu, akaishi mpaka mwaka 1919. Lakini tezi za kondoo hazilingani nguvu. Siku hizi twapewa kidonge cha levothairoksini, kipimwacho kwa maikrogramu, yaani gramu moja iliyogawanywa mara milioni.

Mtu mzima mwenye kilo 60, ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa, huhitaji kama maikrogramu 100 kwa siku. Mzee, au mwenye ugonjwa wa moyo, huanzishwa na 25 au pungufu, kwani moyo uliozoea mwendo wa pole haufai kuharakishwa ghafula.

Hapo ndipo wengi wakosapo. Dawa hii si kama aspirini. Nusu ya ile uliyomeza leo ingali mwilini baada ya siku 7 hivi, kwa hiyo hujikusanya kidogo kidogo. Mgonjwa asiyeona nafuu kwa siku 10 huongeza kidonge kwa shauri lake, kisha huongeza tena. Mwishowe moyo humwenda mbio, mikono hutetemeka, usingizi humpaa. Na hali hiyo ikidumu, hata mifupa hudhoofika. Mwingine, akiisha kupata nguvu, huacha dawa; baada ya wiki kadhaa uchovu humrudia, wala hajui umetoka wapi.

Basi daktari asemapo, "Rudi baada ya wiki 6 au 8," hakupuuzi. Chini ya ubongo mna tezi nyingine, ndiyo msimamizi wa ile ya shingo. Ionapo kazi imepungua, hutoa kwa wingi kitu kiitwacho TSH, nacho hupimwa katika damu. TSH ikizidi, dawa haijatosha. Ikipungua mno, dawa imepita kiasi.

Tena, kabla ya kulaumu kipimo, na tuangalie mezo lenyewe. Kidonge humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa au saa nzima kabla ya chakula na kahawa. Vidonge vya kalsiamu na vya madini ya chuma huizuia dawa isiingie mwilini. Vitengwe nayo kwa muda wa saa 4.

Twalitaja hili kwa ajili ya wanawake wenye mimba, ambao aghalabu hupewa vidonge vya chuma, nao huhitaji levothairoksini zaidi tangu wiki za kwanza. Miezi ile ya mwanzo, ubongo wa mtoto hutegemea tezi ya mamaye. Mwanamke atumiaye dawa hii, ajuapo tu kwamba ana mimba, asingoje siku yake ya kupimwa. Na amwone daktari mara moja, wala asiiache dawa.