"Ananielewa Kila Kitu"

Mama mmoja alinijia na mwanawe kiziwi, mvulana wa miaka saba. Nilipomuuliza wanawasilianaje nyumbani, alijibu kwa fahari: "Mwalimu, huyu ananielewa kila kitu." Akaelekeza kidole gumba mdomoni, mtoto akatoa chupa ya maji kwenye mkoba. Akapiga kiti kofi, mtoto akaketi. Tulipoendelea kuzungumza, akagusia kwamba babu yao alifariki miezi mitatu iliyopita. Nikauliza mtoto aliambiwaje. Mama akanyamaza. Kisha akasema taratibu kwamba kila jioni mtoto bado hukitoa kiti cha babu na kukiweka chini ya mwembe.

Mama yule hakudanganya. Alipima kwa kipimo alichokuwa nacho: njoo, kula, oga, lala. Kwa hayo, ishara za nyumbani zinatosha kabisa. Lakini mawasiliano si kuomba na kutumwa tu. Mtoto anahitaji kuuliza kwa nini, kusimulia ya jana, kuomba radhi, kutania, kumwambia mwenzake, "Sijakuelewa, rudia." Asiyeweza kuita humvuta mwenzake shati, na mtaa mzima ukamwita mkorofi.

Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya orodha ya stadi 45 za aina hii, inayojazwa na wazazi wenyewe. Kwa watoto wanaosikia, karibu stadi zote zilikuwa zimekomaa wakiwa na miaka minne. Kwa viziwi na wenye usikivu hafifu, hata wakiwa na miaka saba zilizokomaa zilikuwa asilimia 69 tu. Mzazi akiulizwa jambo mojamoja, huona alichokuwa hakioni.

Pengo hilo halitokani na akili. Mtoto anayesikia huokota mengi bila kufundishwa: wakubwa wakiteta jikoni, redio ikitangaza msiba, shangazi akilalamikia bei ya sukari. Kiziwi huona midomo ikicheza na machozi yakitoka, asijue kisa. Na huko huko Marekani, zaidi ya watoto viziwi 9 kati ya 10 wana wazazi wanaosikia, ambao wengi hukutana na lugha ya alama kwa mara ya kwanza kupitia mtoto huyo.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, leo jioni muulize mwanao jana alifanya nini. Ukikosa namna ya kusema "jana", anzia hapo. Usisubiri shimesikio wala usisubiri aanze shule. Watafute Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, au mwalimu wa shule ya viziwi iliyo karibu nawe, mjifunze Lugha ya Alama ya Tanzania. Wala usiende peke yako. Nenda na baba yake, dada zake na bibi anayeshinda naye, maana mtoto hawezi kuishi katika nyumba yenye mtu mmoja tu wa kuzungumza naye.