Kompyuta uliyoiunga mwenyewe ikikataa kuwaka, uanzie wapi?



Siku hizi wengi kati yetu tuko na kaka ao wajomba wenye kuunga kompyuta nyumbani, ile tunaita ordinatere. Kasha wananunua pahali hapa, karte mama pahali pale, disiki inatoka katika mashini ya zamani. Inafanya kazi vizuri mwaka mzima, kisha asubuhi moja unabonyeza kifungo: kimya. Hapo watu wanasema mbio, "Imekufa." Wengine wanaiuza kwa bei ya chuma. Wengine wanaipeleka kwa mtu ambaye anafuta disiki yote, na kazi ya miezi mingi inapotea. Lakini mara nyingi mashini haikufa. Iko kitu kimoja tu kinachokataa, na kinaweza kutafutwa kwa utaratibu.

NAMNA INAVYOAMKA

Kompyuta inaamka kwa hatua. Ya kwanza: sanduku la umeme, lile linalopokea waya ya ukutani, linageuza umeme wa 220 V kuwa 12 V, 5 V na 3.3 V. Likiona nguvu hizo ziko imara, linapasha habari karte mama. Ya pili: prosesere inasoma programu ndogo iliyo ndani ya karte mama. Katika IBM PC ya mwaka 1981 iliitwa BIOS. Katika mashini za sasa ni UEFI. Ya tatu: programu hiyo inapima memwari na kile kinachotoa picha. Ya ine: inatafuta disiki yenye Windows ao Linux.

Basi usiulize, "Kwa nini haiwaki?" Uliza, "Imesimama kwa hatua gani?" Uliza tena, "Jana kulipita nini?" Radi? Umeme kukatika na kurudi kwa nguvu? Kasha kuhamishwa? Kipande kipya? Jibu linaweza kukuonyesha njia.

1. HAKUNA TAA, HAKUNA KINACHOZUNGUKA

Jaribu prize kwa taa nyingine, kisha ralonji, kisha waya. Angalia kifungo cha nyuma ya sanduku la umeme. Masanduku ya zamani yako na kifungo kingine kidogo, chekundu mara nyingi, chenye 115 na 230. Kwetu kinakaa 230 siku zote. Ukikiweka 115 na umeme wetu, sanduku linaungua.

Kama hayo yako sawa, jua kwamba kifungo cha mbele kinagusanisha tu vijiti viwili vya karte mama kwa kitambo kidogo. Ondoa waya zake ndogo, gusanisha vijiti hivyo viwili kwa ncha ya turnevisi. Mashini ikiwaka, ni kifungo tu kimeharibika.

Isipowaka, na uko na multimetri, pima umeme unaotoka kwa sanduku. Ile ya 12 V inapaswa kuwa kati ya 11.4 na 12.6, ile ya 5 V, kati ya 4.75 na 5.25. Lakini sikieni vizuri: sanduku lenyewe MSILIFUNGUE. Ndani yake kondensatere zinashika umeme hata kisha kuondoa waya ukutani, na umeme huo unaweza kuua. Likiharibika, badilisha zima.

2. VANTILATERE ZINAZUNGUKA, EKRANI NI NYEUSI

Kama kuko karte ya picha, waya ya ekrani inaingia kwa hiyo karte, si kwa karte mama. Angalia tena fishi ndogo ya matundu 4 ao 8 karibu na prosesere. Isipoingia vizuri, vantilatere zinazunguka bure.

Kisha memwari. Ondoa waya ya ukutani, gusa chuma cha kasha ili umeme wa mwili wako utoke, toa memwari, sugua meno yake polepole kwa gomu ya kufutia, pangusa, rudisha hata isikike "tak". Kama ziko mbili, jaribu moja moja, na katika kila tundu.

Bado? Toa pili ya karte mama, ile ya CR2032 yenye 3 V, dakika chache, waya ikiwa nje. Mapango yatarudi kama yalivyotoka kiwandani. Mwisho wa yote, acha karte mama, prosesere na vantilatere yake, memwari moja, na kitoa picha. Ikiamka, ongeza kipande kimoja kimoja. Kile kinachoizimisha ndicho mgonjwa.

Kama inawaka sekunde chache na kuzimika, angalia vumbi juu ya prosesere ao vantilatere isiyozunguka: inazimika ili isiungue.

3. EKRANI INASEMA HAKUNA DISIKI

Toa kle ya USB iliyosahauliwa. Kaza waya mbili za disiki, ya umeme na ya habari. Ingia katika BIOS, uone kama disiki inaonekana na iko ya kwanza kwa mstari. Kama tarehe imerudi nyuma miaka mingi, pili imekwisha.

Disiki ikilia "tak, tak, tak", izime mara moja. Usikubali mtu aweke Windows mpya juu yake. Iunge kwa mashini nyingine, nakili kwanza mambo yako, kisha ufanye mengine. Kipande kinanunuliwa tena. Kazi ya mwaka mzima haiuzwe sokoni.

SHERIA MBILI

Badilisha kitu kimoja tu kila mara, na kiandike katika daftari. Ukibadilisha vitatu pamoja na mashini ikawaka, hutajua kilichoponya. Ya pili: kama uko na shaka juu ya umeme, ondoa waya na mwite mwenye kujua. Si haya.

Wa mwaka wa 6 walio na kazi zao katika mashini kama hizo, nakilini leo, mashini zingali nzima.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa 6