Chonge za watoto wachanga na imani ya meno ya plastiki

Mtoto huzaliwa akiwa hana jino linaloonekana, lakini ndani ya fizi zake tayari yameanza kuundwa meno yote 20 ya utotoni, ambayo hujitokeza moja baada ya jingine kuanzia umri wa miezi sita hivi na kukamilika anapofikisha takriban miaka miwili na nusu. Miongoni mwa meno hayo, chonge, yaani jino lililochongoka ambalo hukaa kati ya meno ya mbele na magego, huchelewa kuota hadi mtoto anapokaribia mwaka mmoja na nusu, ingawa uvimbe wake mweupe huweza kuonekana kwenye fizi miezi mingi kabla ya hapo. Uvimbe huo wa kawaida ndio ambao katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki huitwa meno ya plastiki au meno ya nailoni, na ndio unaosingiziwa kumletea mtoto homa, kutapika na kuharisha.

Anayeamini hivyo hushauriwa na majirani, na mara nyingi na wazee wa familia, ampeleke mtoto kwa mganga wa kienyeji, ambaye huipasua fizi kwa spoku ya baiskeli, kisu, wembe au msumari na kulichimbua jino changa bila ganzi na bila kifaa kilichotakaswa, au huisugua fizi kwa dawa za mitishamba hadi ichubuke. Desturi hii haina mpaka wa kabila wala wa nchi. Mwaka 1969 mtaalamu wa Denmark, Jens Pindborg, alichapisha maelezo yake kuhusu Waacholi wa kaskazini mwa Uganda. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania, akiwemo Emil Kikwilu, waliichunguza nchini mwao. Nayo inajulikana pia Kenya, Sudan na Ethiopia. Hata madaktari wa meno wa Ulaya wamewakuta watoto wa familia zilizohamia huko kutoka ukanda huu wakiwa hawana chonge.

Kinachotolewa katika fizi ni jino zima la mtoto ambalo bado linajengwa. Taji la chonge ya utotoni, yaani sehemu ya jino ambayo baadaye huonekana mdomoni, hukamilika kuundwa karibu na mwezi wa tisa baada ya kuzaliwa, kwa hiyo likichimbuliwa mapema zaidi hutoka likiwa laini, jeupe na lisilo na mzizi, na mzazi anayeonyeshwa kitu hicho kiganjani huamini kwa urahisi kwamba ameona plastiki au funza. Madhara hayaishii kwa jino hilo moja, kwa sababu chonge ya ukubwani huanza kujengwa katika umri wa miezi minne au mitano, nyuma kidogo ya ile ya utotoni, na ncha ya spoku haiwezi kuchagua baina ya hizo mbili. Miaka kumi na zaidi baadaye, jino la ukubwani huweza kuota likiwa na kilema, kuota upande au kutoota kabisa. Hayo ni kwa mtoto aliyenusurika, kwani wapo wanaopoteza damu nyingi, wanaopata pepopunda, wanaoshambuliwa na bakteria walioenea katika damu, na wanaofariki.

Imani hii hudumu kwa sababu inaonekana kuthibitishwa na macho. Umri ambao uvimbe wa chonge huonekana ndio umri ambao mtoto huanzishiwa vyakula vya nyongeza, hutambaa na kutia kila kitu mdomoni, huku kinga aliyopewa na mama kabla ya kuzaliwa ikipungua, hivyo kuharisha huongezeka wakati huohuo. Tena kuharisha kwingi hukoma kwenyewe baada ya siku chache, na mganga aliyeingilia kati huhesabiwa kuwa ndiye aliyeponya. Mama anayekubali fizi za mwanawe zichimbuliwe hufanya hivyo akitaka kumwokoa, na kumkemea hakumsaidii yeye wala mtoto anayefuata.

Tiba yenyewe ni rahisi na inapatikana. Mtoto anayeharisha huendelea kunyonyeshwa, hupewa mchanganyiko wa chumvi na sukari maalumu unaojulikana kama ORS, ambao hurudisha maji yaliyopotea mwilini, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na akionekana kulegea, macho yakididimia au akitoa choo chenye damu, hukimbizwa kituo cha afya. Chanjo ya virusi vya rota, iliyoingizwa katika ratiba ya Tanzania mwaka 2013 na ya Kenya mwaka 2014, huzuia sehemu kubwa ya kuharisha kukali. Meno yenyewe, yakishaota, yanahitaji mambo machache: mswaki laini mara mbili kwa siku, dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele hadi umri wa miaka mitatu, na kutomlaza mtoto na chupa ya maziwa au ya kinywaji chenye sukari.

Kliniki ya mama na mtoto, ambako watoto hupimwa uzito na kuchanjwa, ndiyo mahali pa kuiwahi imani hii. Muuguzi anapompokea mtoto wa miezi mitatu, kabla uvimbe haujaonekana na kabla jirani hajasema neno, amwonyeshe mama kwa kidole mahali ambapo chonge itavimba, na amweleze kwamba siku itakapovimba fizi hiyo isiguswe na mtu yeyote.